Arusha mpaka Mbeya kwa baiskeli, mzigo niufunge wapi? Keria au mabegi ya kwenye fremu?

Binti_Meru

Habari zenu wakuu, na wadada kama mpo humu. Mwezi wa saba nikijaaliwa nataka kutoka Arusha mpaka Mbeya kwa baiskeli, njia ni ile ya Babati, Kondoa, Dodoma, Mtera, Iringa, Mafinga, Makambako. Sio mashindano, sina haraka, nalala njiani. Swali langu ni la mzigo tu, habari za mazoezi na kuumwa makalio niachieni mwenyewe.

Baiskeli ni ya mtumba, ya mlima, fremu ya aluminiamu, tairi 26, foki ya mbele ina springi, breki za diski mbele na nyuma. Fremu ni ndogo maana na mimi mwenyewe mfupi, ile pembetatu ya katikati ukiweka chupa mbili imejaa. Nyuma haina vile vitundu vya kufungia keria, nimeikagua juu mpaka chini hamna.

Nilichopanga kubeba ni hema la watu wawili (peke yake kilo 3), slipingi begi, kigodoro cha kujaza upepo, jiko dogo la gesi na mtungi wake, sufuria, nguo, koti la mvua, pawabanki, kamera, vifaa vya pancha na tyubu, unga wa uji, karanga, halafu maji. Nimeenda kupima kwenye mzani wa duka la jirani imekuja kilo 23 bila maji, mwenye duka kaniuliza nahama?

Sasa ushauri ninaopata unapishana. Mmoja anasema tafuta keria ya chuma ufunge mabegi pembeni huku na huku. Mwingine anasema keria ni mambo ya zamani, siku hizi watu wanafunga mabegi laini, moja nyuma chini ya siti, moja kwenye usukani, moja ndani ya fremu, hakuna chuma wala nini. Wa tatu anasema nivae tu begi mgongoni hela nisipoteze. Mliowahi kufanya hizi safari nisaidieni, na kama kuna njia ya bei ndogo zaidi ndio nzuri maana hayo mabegi laini nikiangalia bei nakaribia kununua baiskeli ingine.

KondaMstaafu

Si upande tu basi dada, baiskeli inaingia kwenye buti, jioni upo Mbeya unakula ndizi 😂

fundi_wa_kona

Achana na huyo. Dada, begi la mgongoni lifute kabisa kwenye mawazo. Kilo 8 tu mgongoni zote zinashukia kwenye siti, ikifika saa sita mchana maeneo ya Minjingu kwenye lile jua mgongo umelowa, mabega yanawaka, na hayo makalio uliyosema tukuachie ndio utayakumbuka. Mgongoni kaa na kitu chepesi cha maji au usikae na kitu.

Mimi ni fundi, baiskeli za watalii na za wauza maziwa zote zinapita mikononi mwangu kwahiyo naongea ninachokiona. Kwa fremu yako ndogo mabegi laini yatakusumbua. Lile begi la chini ya siti linataka nafasi kati ya siti na tairi, mtu mrefu siti yake iko juu ana nafasi ya kutosha, wewe siti yako iko chini, begi likijazwa linakaa juu ya tairi kabisa, ukigonga shimo linasuguliwa, siku ya pili lina tundu. Na la mbele hivyo hivyo, foki yako ina springi, ikididimia tairi linapanda linakutana na begi, pima ukiwa umeibonyeza mpaka mwisho sio ikiwa imesimama. Halafu kwenye usukani kuna waya za gia na mipira ya breki, begi nene likizikandamiza gia zinaanza kuruka zenyewe, unadhani cheni imeisha kumbe ni begi.

Kwahiyo keria. Kutokuwa na vitundu sio mwisho wa dunia. Chini inashikia kwenye ekseli ya nyuma, ukiwa na ile ekseli ya kubana kwa mkono badilisha uweke ekseli ya nati, ni hela ndogo, unapitisha sikio la keria pale unakaza na nati. Juu unatumia klempu za kuzunguka zile bomba mbili nyembamba zinazoshuka kutoka kwenye siti, chini ya klempu weka kipande cha tyubu ya zamani ili isile fremu wala isizunguke. USIRUHUSU mtu akutobolee fremu na wala asikuchomelee kitu kwenye hiyo fremu, aluminiamu ukiichoma bila mtaalamu wake na mashine yake inapoteza nguvu hapo hapo pembeni ya weldi, leo inashika kesho inakatika uko Bereko.

Keria yenyewe unaweza kuchomelewa na fundi yeyote wa mageti. Nondo ya milimita 8 mita moja ina kama gramu 400, keria nzuri yenye miguu na mbavu za pembeni inakula mita nne hivi, kwahiyo unazungumzia kilo moja na nusu na kitu. Ya dukani ya aluminiamu ni nyepesi zaidi ya hapo, nusu kabisa, ila ikikatika njiani Fufu hakuna wa kukuungia. Ya nondo kila kijiji chenye umeme kuna mtu ana mashine ya kuchomelea. Mwambie fundi aiweke mbali kidogo upande wa kushoto maana breki ya diski imejitokeza, wengi wanasahau hili, keria inakuja nzuri halafu haiingii.

Nyika254

Niaje watu wa bongo. Mimi niko upande wa Nanyuki, Kenya, na naona mkuu fundi ameongea poa sana lakini naona amesahau upepo. Sisi huku tukienda kaskazini, Isiolo, Laisamis, Marsabit, mpaka Moyale, hiyo barabara sai ni lami tupu kama kilomita 500, shida haikuwanga barabara, shida ni upepo. Ukishaacha Marsabit unaingia Dida Galgalu, hakuna mti hakuna nyumba, upepo unakuja na ubavu, na mtu mwenye mabegi makubwa ya pembeni amejiwekea tanga. Unaona mwenye mabegi membamba anaenda zake na wewe unapigana na usukani siku nzima. Lori ikikupita inakata upepo ghafla alafu inaurudisha, hapo ndo watu huingia kwa changarawe.

Na wewe dada unaenda July, unashuka kusini, huo si ndio wakati wa kusi? Itakupiga usoni na ubavu wa kushoto karibu njia yote. Sasa fikiria.

Sisemi usiweke keria. Nasema usijaze mabegi mapana pembeni kwa sababu tu una keria. Weka vitu virefu juu ya keria, vilale kwa urefu wa baiskeli, pembeni weka vidogo tena chini, visizidi upana wa usukani wako. Kitu kikiwa nyuma ya mwili wako upepo wa mbele haukioni.

Kwa hiyo maneno ya bei, begi la ndani ya fremu usinunue. Chukua katoni, iweke ndani ya hiyo pembetatu uchore na kalamu, toa sentimita moja kila upande, peleka kwa fundi anayeshona viti vya matatu. Sio fundi wa nguo, wa nguo sindano yake itakatika. Wa viti ana mashine nzito, ana uzi wa nailoni, ana turubai ya rangi unataka. Mwambie aweke zipu kubwa, zile ndogo zikishika vumbi zinakwama siku moja, na mikanda ya kushikia iwe mingi, upande wa juu angalau tatu. Hata kama pembetatu ni ndogo inakula vitu vizito, hapo ndio weka spana, pampu, pawabanki, tyubu, hata hiyo unga. Chupa utazipeleka kwingine.

mpanda_kilima

+1 kwa begi la ndani ya fremu. Uzito ukikaa kati ya magurudumu mawili na chini hauusikii kabisa, uzito ule ule ukiuweka kwenye usukani baiskeli inakuwa nzito kukata kona na ukiuning'iniza nyuma ya siti begi linachezesha mkia kama mbwa aliyemwona mwenyewe, kila ukikanyaga pedeli linaenda kushoto linarudi kulia na wewe ndio unalipa hiyo nguvu.

Ila kabla ya kufunga tupunguze jamani kilo 23 nyingi mno. Baiskeli yenyewe ya mtumba haipungui kilo 14, maji lita 4 kilo 4, jumla unasukuma kilo 41 bila wewe mwenyewe. Mlima Nyang'oro huo utapanda unalia, unatoka Mtera bondeni kwenye joto unaenda kuikuta Iringa iko juu zaidi ya mita 1,500.

Mkaa_Moro

Heshima zenu. Mimi sio mtu wa utalii, nimebeba mkaa kwa baiskeli miaka kabla sijapata pikipiki, kutoka porini mpaka Morogoro mjini. Gunia mbili na zaidi kwenye Phoenix, kwahiyo kilo 23 mnazozizungumza hapa naziheshimu ila haziniogopeshi 😄

Niongezee ya kwangu. Kwanza, uzito wa nyuma usipite ekseli. Watu wanaona keria ndefu wanaanza kupanga kutoka mwishoni. Kitu kizito kianze kusogea kwenye siti kabisa, kiguse bomba la siti kama inawezekana, chepesi ndio kinakwenda nyuma. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, ukifika mlimani gurudumu la mbele linakuwa jepesi linanyanyuka, usukani unakosa adabu, na ukiwa unashuka baiskeli inatikisika yenyewe. Sisi wa mkaa tunaligusisha gunia na siti ndio maana mnatuona tunaendesha tumeinama mbele.

Pili kufunga. Hizo kamba za nailoni na zile za kulabu za kwenye pikipiki usizitegemee. Kamba ya nailoni haina mvuto wa kutosha, mzigo ukishuka kidogo kwa mtikisiko kamba inabaki inaning'inia. Kulabu inafyatuka, ikiingia kwenye spoku umekwisha. Tafuta mpira wa tyubu ya lori, unakatwa mikanda upana wa vidole viwili, wanauza kila soko kwa bei ya kutupwa. Ule unauvuta mpaka uwe mwembamba, mzigo ukishuka mpira unaufuata. Funga kwa kupishanisha, mmoja uende kulia kwenda kushoto, mwingine kushoto kwenda kulia, mkia uchomeke chini ya mkanda usiuache unapepea. Halafu ukitembea nusu saa ya kwanza asubuhi simama ukaze tena, mzigo lazima ukae. Sisi hatuulizi, tunasimama tu.

Tatu spoku. Keria nzuri begi nzuri yote ni bure kama gurudumu la nyuma bovu. Spoku zinazokatika ni za nyuma, upande wa cheni, na ndio upande mbaya kubadilisha maana lazima utoe gia. Hesabu zako ziko ngapi. Phoenix ya nyuma ina 40 ndio maana inabeba. Hizo za mtumba za mlima nyingi zina 32. Zitatosha kwa kilo 23 lakini mpelekee fundi azikaze zote zilingane, uzipige na kidole zilie sauti moja, na beba spoku nne tano za urefu wako, uzifunge na selotepu kwenye bomba la fremu zisipinde.

Mtoka_Bremen

Habari kutoka Ujerumani. Huku mambo ya mzigo kwenye baiskeli ni dini, kila mzee unayemkuta kando ya mto yuko na yale mabegi ya Ortlieb ya pembeni, yale ya kukunja mdomo juu. Kampuni yao ipo toka 1982 na mabegi ya zamani kabisa bado yanatembea. Mtu akija likizo huko mwambie akununulie yaliyotumika, bei inakuwa nusu na chini ya nusu, na kulabu zake zinabadilishwa peke yake kama zimechoka.

Ila mwezi wa saba hamna mvua kuanzia Arusha mpaka Makambako, kuzuia maji sio tatizo lako kubwa. Tatizo lako ni vumbi. Hata begi la kawaida la turubai ukaweka vitu ndani kwenye mifuko migumu ya plastiki inatosha.

Na kitu ambacho hakijasemwa: kisigino. Mabegi ya pembeni yakikaa mbele sana unayapiga teke kila mzunguko. Baiskeli fupi kama yako hili ni lazima ulipime kabla fundi hajachomelea. Kaa kwenye siti, kanyaga pedeli kinyumenyume mtu akushikilie, aangalie kisigino kinapita wapi. Hapo ndio panaanza begi. Najua inapingana kidogo na aliyosema mzee wa mkaa kwamba uzito usogee mbele, dawa yake ni kuweka vizito juu ya keria karibu na siti na vyepesi pembeni, japo vitabu vinasema vizito vikae chini. Kwa mtu mfupi mwenye baiskeli fupi ndivyo inavyokwenda, huwezi kupata vyote.

fundi_wa_kona

Hapo kwa kisigino safi sana. Nimewahi kuona mtu amechomelewa keria nzuri kabisa akaenda kuikata tena kwa hilo hilo.

Ila vizito vyote juu hapana jamani. Hema na slipingi begi juu, ni vikubwa lakini sio vizito kwa ukubwa wake. Maji na vyakula ndio vizito, visambaze.

Binti_Meru

Asanteni mno, sikutegemea kupata majibu ya hivi. Mzee wa mkaa nimecheka ila nimeandika yote.

Naona keria imeshinda, na begi la fremu ntashonesha, kuna mafundi wa viti vya daladala nawajua. Maswali yaliyobaki: (1) maji sasa yanakaa wapi maana chupa zimefukuzwa kwenye fremu, na foki ya springi haina sehemu ya kufungia kitu. (2) nipunguze nini. Nikiangalia kila kitu naona nakihitaji. Kamera siachi, hiyo msiniguse.

Nyika254

Maji, kuna vikombe vya kitambaa vinakaa hapo kwa usukani, viwili, mkono wa kushoto na wa kulia, karibu na kifua. Fundi huyo huyo wa viti anaweza shona na kipande kimebaki. Chupa moja ya lita hapa, moja hapa, unakunywa bila kusimama. Ikizidi lita moja kila upande usukani utaanza kuwa mzito. Zingine mbili weka nje ya mabegi ya pembeni, moja kila upande zilingane, usiweke zote upande mmoja alafu ushangae kwa nini unaendesha ukiwa umeinama.

Kwa foki ya springi watu hufunga vitu na vile vifungio vya plastiki vya mafundi wa stima. Inashika lakini ile bomba ya chini ndio inapanda na kushuka, uzito hapo unafanya springi ifanye kazi vibaya, na ikifyatuka inaenda moja kwa moja kwa spoku za mbele, ukaanguka na uso. Mimi siwezi.

mpanda_kilima

Kupunguza njoo kwangu. Nimeishi Kondoa, njia naijua.

Jiko la gesi acha. Mitungi ile midogo ya kuskrubu ukiishiwa njiani sahau, na hutakaa bila mama ntilie kwenye hiyo njia, Magugu, Babati, Bonga, Bereko, Kolo, Kondoa, kote kuna chai asubuhi na ugali mchana. Ukiacha jiko unaacha na mtungi, sufuria, unga wa uji, kiberiti, sabuni ya kuoshea, hiyo ni familia nzima inatoka. Baki na karanga na ndizi za kununua.

Hema sasa ndio tutagombana. Dodoma kwenda Babati ni km 251, Dodoma kwenda Iringa 260, ukigawanya vizuri kila jioni upo kwenye sehemu yenye gesti. Kwa mtu mwenye siku za kutosha hema la kilo 3 analibeba kama picha tu. Ukiliacha unaachana na kigodoro pia. Unabaki na slipingi begi, na hiyo usiache maana mwezi wa saba Mafinga na Makambako ni baridi ya kweli, na blanketi za gesti nyingine ni za kuhurumia. Beba shuka lako na chandarua basi.

Nikikufanyia hesabu ya haraka haraka unatoka 23 unaingia kwenye 13 au 14. Hapo hata keria ya nondo unaiona kubwa.

Nyika254

Hapana, hema abebe. Mtu yuko peke yake, spoku zikatike jioni kati ya Fufu na Mtera, gesti iko mbali, atalala wapi? Abadilishe tu hilo la kilo 3. Apate la mtu mmoja, au turubai jepesi na chandarua na kamba, haifiki hata kilo moja na nusu.

mpanda_kilima

Akikwama pale anasimamisha lori au anagonga kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa mwanamke peke yake mimi naona ni salama zaidi kwa mwenyekiti kuliko hema kando ya barabara kuu. Ila uamuzi wake.

Binti_Meru

Hapo hata mama yangu anasema kama wewe, hema porini peke yangu haruhusu. Nafikiria kwenda na turubai na chandarua kama alivyosema wa Nanyuki ila kwa dharura tu, malazi gesti. Jiko limetoka, nimelitoa sasa hivi na roho imeuma.

Nilikuwa najiringanisha na picha za wazungu wale wanaotoka Cairo kwenda Cape Town, naona baiskeli zao nyepesi hazina kitu nikawa najiuliza wanafanyaje.

fundi_wa_kona

Hao kama ni wale wa Tour d'Afrique usijilinganishe nao, wapo toka 2003 na kwa miaka mingi wamekuwa wakipita hiyo hiyo njia yako, ila mabegi yao yanapanda lori. Mtu ana chupa mbili na koti mfukoni, jioni anakuta hema lake limemtangulia. Ukitaka kujilinganisha tafuta wale wanaosafiri wenyewe, utawaona Namanga wanavuka, baiskeli imejaa mpaka sufuria inagonga.

Mkaa_Moro

Mbigili. Hakuna aliyesema mbigili! Kuanzia Kondoa kushuka Dodoma ukiegesha baiskeli pembeni ya barabara ukairudisha unahesabu pancha. Kwahiyo kwenye mpangilio wa mzigo tyubu na viraka na solusheni visikae chini kabisa ya begi ambako lazima umwage nguo zote kwenye vumbi ndio uvipate. Viweke begi la fremu juu, mkono unaingia unatoka. Bahati yako tairi ni 26, tyubu za 26 na 28 kila senta yenye duka la baiskeli unazikuta, ungekuwa na 29 ningekwambia beba hata tairi zima. Na ukisimama egesha kwenye lami au saruji sio kwenye majani.

Mtoka_Bremen

Ongeza hapo: vitu vya thamani vyote begi moja dogo linalotoka kwa sekunde. Kamera, simu, hela, kitambulisho. Lile la kwenye usukani liwe hilo, jepesi, la kufyatua, ukiingia kula unaingia nalo. Mabegi mengine mtu akiiba ni chupi zako na koti, safari inaendelea. Na kwenye gesti omba chumba cha chini, baiskeli ilale ndani na wewe, mabegi ya nyuma usiyafungue hata, ndio uzuri wa kufunga kwa mpira vizuri asubuhi moja.

KondaMstaafu

Nilikuwa natania mwanzo ila niseme la maana na mimi, nimekaa barabarani upande wa pili. Dereva wa basi usiku au machweo mzigo mweusi nyuma ya baiskeli haioni, anaona mpaka amefika. Mabegi yote yawe na rangi ya kuonekana, turubai ya chungwa ipo, au shona ile mikanda inayong'aa ukimulikwa, nyuma na pembeni. Taa nyekundu isifunikwe na mzigo, wengi wanafunga taa chini ya siti halafu wanaweka hema mbele yake. Ihamishie mwisho wa keria. Na ukiona basi limekupita lingine lipo nyuma yake linataka kulipita, we toka nje ya lami, usibishane.

Binti_Meru

Aisee huyu wa basi kumbe ana moyo 😂 asante kaka.

Basi naenda kwa fundi wa kuchomelea kesho kutwa. Keria ikiisha nataka kujaribu na mzigo wote, mnashauri wapi karibu na Arusha?

fundi_wa_kona

Nenda Monduli na urudi. Ila usiishie kwenye lami, tafuta kipande cha vumbi chenye yale matuta madogo madogo ya kutetemesha, kilomita kumi tu zinatosha. Lami haikuonyeshi kitu. Matuta ndio yanalegeza nati, yanashusha mzigo, yanakuonyesha begi lipi linasuguana na nini. Ukirudi kagua vitu vitatu: klempu za juu zimeshuka au zipo pale pale (chora alama na kalamu ya rangi kabla hujatoka), rangi ya fremu imekwaruzwa wapi, na tairi la nyuma lina alama ya kuguswa na begi? Palipokwaruzwa funga kipande cha tyubu. Tairi la nyuma lijaze upepo zaidi ya la mbele, uzito mwingi uko kule.

Na nati za keria tia ile gundi ya nati, ya bluu sio nyekundu, nyekundu hutaifungua tena. Ukikosa gundi weka nati mbili mbili, ya pili inaibana ya kwanza.

Binti_Meru

Za klempu ni saizi gani ili nibebe spana yake?

fundi_wa_kona

Kama ni zile boliti za kawaida za keria ni milimita 5, spana ya L namba 4, na nati yake inashikwa na spana namba 8. Ya ekseli ya nyuma ni namba 15. Beba na boliti nne za ziada zenye urefu huo huo, ziweke kwenye kopo la filamu au kichupa cha dawa, sio zinazagaa ndani ya begi.